Ubaguzi Uingereza siku hizi: rangi, dini na makaratasi

Maswali yameongezeka sana tangu zile picha za maandamano ya London ya Septemba 2025 zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, wengine mko nyumbani mna ndugu zenu huku, wengine mko huku huku mnabeba boksi. Nimechukua yale yanayojirudia zaidi, majina nimeyatoa.

Dada, mdogo wangu kapata chuo Leeds, mama kaona zile video anasema haendi mtu. Kuna usalama kweli huko? (Mwanza)

Aende. Ila aende akijua mambo yalivyo.

Tarehe 29 Julai 2024, mji wa Southport, watoto 3 wa kike waliuawa kwa kisu wakiwa kwenye darasa la kudansi. Polisi hata hawajasema kitu, mtandaoni tayari watu wanasambaza kwamba muuaji ni Muislamu aliyeingia kwa boti kuomba hifadhi. Uongo mtupu, kijana kazaliwa Cardiff, wazazi wake walitoka Rwanda. Kesho yake msikiti wa Southport ukapigwa matofali, wiki haijaisha fujo zimefika miji kibao, na Rotherham watu walijaribu kuchoma moto hoteli yenye waomba hifadhi ndani. Hayo ndo mama aliyaona. Ambayo hakuonyeshwa ni wakazi wa Southport waliotoka asubuhi na mafagio, na mafundi walioujenga upya ukuta wa msikiti bila kudai hata senti, na maelfu ya watu waliojaza barabara za Walthamstow na miji mingine jioni ya tarehe 7 Agosti kusema hapa hampiti. Na walioshika matofali walifungwa, wengine ndani ya siku chache tu.

2025 ikaja na yake, maandamano nje ya hoteli ya waomba hifadhi kule Epping, bendera zikatundikwa kwenye nguzo za taa nchi nzima, alafu Septemba 13 watu zaidi ya laki moja wakaingia katikati ya London nyuma ya Tommy Robinson, mwanaharakati anayepinga wahamiaji na Uislamu. Siwezi kumwambia mama hilo ni jambo dogo maana sio dogo. Lakini maisha ya mwanafunzi Leeds ni maktaba, basi, duka na chumba, na wengi wanamaliza mwaka bila kutukanwa. Siku ya maandamano asipite maeneo hayo, akitishwa apigie polisi 999, kama sio dharura 101. Basi, mfungasheni.

Babu yangu aliishi London miaka ya 60, anasema vyumba vilikuwa na vibao "weusi hapana". Mi naona sasa hivi kuna nafuu kubwa, mbona mnalalamika? (Nairobi)

Babu hajadanganya. Enzi hizo ilikuwa halali kabisa kumnyima mtu chumba au kazi kwa sababu ya rangi. Bristol mwaka 1963 kampuni ya mabasi ilikataa waziwazi kuajiri weusi na Wahindi kwenye mabasi yake, mpaka watu wakagoma kupanda kwa miezi 4 ndo ikakubali. Sheria ya kwanza ya kuzuia ubaguzi ilikuja 1965, nayo iligusa sehemu za umma tu, nyumba na kazi zikasubiri mpaka 1968. Kwahiyo ndio, nafuu ipo, na aliyeipigania sio serikali, ni hao hao waliogoma na wazazi kama wa Stephen Lawrence, yule kijana aliyeuawa kituo cha basi Eltham mwaka 1993 na polisi wakaboronga upelelezi, ikachukua mpaka 2012 wauaji wawili ndo wakafungwa.

Na watu wa kawaida wamebadilika kweli. Utafiti ulionyesha mwaka 1981 Waingereza 10% walisema hawataki jirani wa rangi nyingine, 2022 wamebaki 2%. Nenda stendi yoyote ya London uangalie vijana wanaotembea pamoja utaelewa.

Sasa hapo ndo nataka unisikilize vizuri, maana tabia ya jirani ni kitu kimoja na mlango wa ofisi ni kitu kingine. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walitoa matokeo ya jaribio, walituma maombi ya kazi yanayofanana kila kitu isipokuwa jina na asili, wenye majina ya kigeni ikabidi watume maombi 60% zaidi ili wapate majibu mazuri sawa na Mwingereza mweupe, na wenye asili ya Nigeria walipata shida zaidi ya hapo. Mwanamke mweusi huku miaka michache nyuma alikuwa na uwezekano mara 4 wa kufa kwa matatizo ya uzazi kuliko mweupe, imeshuka lakini bado ni zaidi ya mara 2. Ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyochunguza kesi hiyo ya Lawrence, ilisema polisi wa London wana ubaguzi ndani ya mfumo wenyewe, ripoti ya Casey ya 2023 ikarudia yale yale, miaka 24 imepita!

Alafu kuna hii ya makaratasi, ambayo kwangu mimi ndo badiliko kubwa kuliko yote. Kuanzia 2012 serikali iliamua kufanya maisha yawe magumu kwa asiye na vibali, mwenye nyumba akague pasipoti, benki ikague, hospitali ikague. 2018 ikafumuka kwamba wazee waliokuja kihalali kutoka Caribbean wakiwa watoto, wamelipa kodi miaka 40 na zaidi, wamefukuzwa kazi, wamenyimwa matibabu, wengine wamerudishwa visiwani ambako hawajui mtu, sababu tu hawana karatasi ya kuonyesha. Waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu. Hakuna aliyeandika kibao cha "weusi hapana" lakini walioumia ni nani? Kibao kimehamia kwenye fomu, na fomu huwezi kubishana nayo pale mlangoni.

Rishi Sunak, Priti Patel, Suella Braverman, wote wazazi wao walipitia kwetu huku Afrika Mashariki. Mbona wao ndo wakali kwa wahamiaji? (Dar es Salaam)

Hili limeulizwa na watu wengi na linaniuma, nitakaa nalo kidogo.

Ni kweli. Baba yake Sunak, aliyekuwa waziri mkuu 2022 mpaka 2024, kazaliwa Nairobi, mama yake Tanganyika. Patel na Braverman wote walishakuwa mawaziri wa mambo ya ndani, wazazi wa Patel walitoka Uganda, baba yake Braverman alitoka Kenya. Na Patel ndiye aliyesaini ule mpango wa 2022 wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, ambao serikali ya Labour ya Keir Starmer iliufuta baada ya uchaguzi wa Julai 2024.

Sasa angalia familia kama hizo zilipokelewaje. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuja kwa wingi, bunge la London lilipitisha sheria kwa siku 3 tu kuwafungia, pasipoti unayo lakini kama huna mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza haikusaidii. 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia msije kwetu tumejaa. Walikuja, kama 28,000 waliingia Uingereza, na Leicester hiyo hiyo leo watu wenye asili ya Asia ni 43% na wameujenga ule mji, maduka, viwanda, zahanati. Na tusijitoe, serikali zetu nazo zilichangia kuwasukuma, tunawakumbuka wakiwa mawaziri London ila hatupendi kukumbuka jinsi walivyoondoka Kampala na mabegi mawili.

Kwahiyo kwanini ukali? Jibu langu ni kwamba mtu akishaingia ndani ya chama fulani anaambiwa athibitishe kwamba hana huruma za kikwao, na kura zinatafutwa kwa wale wanaoogopa. Ni kama abiria wa daladala aliyepanda kwa kuning'inia mlangoni, akishapata kiti ndo wa kwanza kumpigia konda kelele kwamba gari limejaa. Na sio Conservative peke yao. Shabana Mahmood wa Labour, Muislamu, wazazi wametoka Kashmir, ndiye aliyetangaza Novemba 2025, akiwa waziri wa mambo ya ndani, kukaza mambo ya hifadhi, na alisimama bungeni akasema yeye mwenyewe anatukanwa barabarani kwa asili yake. Yaani yote mawili yanakaa kwa mtu mmoja. Waziri mkuu wa asili ya Kihindi, Kemi Badenoch mweusi kiongozi wa Conservative tangu Novemba 2024, hayo ni mambo ambayo babu wa yule msomaji wa Nairobi asingeyaota, mimi siyadharau hata kidogo. Ila mtu mmoja kukaa juu hakumfungulii mlango dada anayesafisha ile ofisi usiku.

Assalam alaykum. Mimi ni Mzanzibari niko East London, navaa hijabu. Zamani nilitukanwa rangi, siku hizi natukanwa dini. Ni mimi tu? (London)

Waalaykum salaam, sio wewe tu. Ndivyo ilivyogeuka. Wale wale waliokuwa wanaongelea rangi sasa wanaongelea "utamaduni" na "wavamizi", kwasababu kusema rangi hadharani ni aibu lakini kusema dini bado wanaona inaruhusiwa. Mwanamke mwenye hijabu anaonekana kwa mbali ndo maana anaanza kupata yeye. Tangu Oktoba 2023 vita vya Gaza navyo vimeongeza, Waislamu wanashambuliwa na Wayahudi wanashambuliwa, 2 Oktoba 2025 sinagogi la Manchester lilivamiwa watu wawili wakafa, siku mbili baadae msikiti wa Peacehaven ukachomwa moto. Nayataja yote pamoja makusudi, anayefurahia moja kati ya hayo asijidanganye kwamba anapinga ubaguzi.

Tena sio Wazungu peke yao. Leicester 2022, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabana mitaani wiki kadhaa, na uvumi wa mtandaoni ukachochea kila siku.

Ukitukanwa kwenye basi au treni ripoti, polisi wa treni wana namba ya meseji 61016, unaandika umekaa tu kwenye siti bila kupiga simu.

Niko kwenye kazi ya keya (kuhudumia wazee na wagonjwa), visa ya sponsa, yaani inamtegemea mwajiri. Bibi mmoja kila nikiingia ananiambia nisimguse na mikono yangu michafu anataka Mwingereza. Meneja ananiambia nivumilie, na nikisema sana nitapoteza visa. Nifanyeje? (Kent)

Pole sana mdogo wangu. Maswali ya aina hii yanakuja mengi kuliko yote.

Bibi anaweza kuwa na dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hapo maneno anayotoa ni ya mtaa wa miaka ya 50 na hajui amekaa mwaka gani, utaumia lakini utaelewa. Meneja hana dimensia. Kumwambia mfanyakazi avumilie alafu asiandike popote ni kosa, sheria ya usawa ya 2010 inakulinda wewe kama inavyomlinda Mwingereza, na visa yako haipunguzi hiyo haki hata kidogo. Anachotakiwa kufanya ni kurekodi, kuongea na familia ya bibi, mwende wawili, au kukubadilishia rota bila kukukata masaa. Akikukata masaa eti ndo suluhisho, basi aliyeadhibiwa ni wewe.

Andika kila tukio, tarehe, saa, maneno yenyewe alivyoyasema, nani alikuwepo. Alafu peleka malalamiko kwa maandishi, sio kwa mdomo kwenye korido. Jiunge na chama cha wafanyakazi, UNISON wana watu wengi wa keya. Wakipuuza wapigie Acas, shirika linaloshauri kuhusu haki za kazini, ni bure, na usikae ukisubiri kwasababu muda wa kufungua kesi unahesabiwa kwa miezi, sio miaka.

Kuhusu visa hofu yako ina msingi. Ukiachishwa kazi kwa kawaida unapewa siku 60 upate sponsa mwingine au uondoke, na tangu Julai 2025 wamefunga kuleta wafanyakazi wapya wa keya kutoka nje, na tangu Machi 2024 wanaoingia kwa keya hawaleti mke, mume wala watoto. Waajiri wengine wanalijua hilo na wanalitumia. Lakini kufungwa huko kuna upande wa pili, kampuni nyingi sasa zinatafuta watu ambao tayari wako ndani, kwahiyo anza kutafuta sponsa mwingine kimya kimya kabla hujawasha moto, hakikisha yumo kwenye orodha ya serikali ya wenye leseni, na asikuombe hela ya sponsa. Akikuomba hela mkimbie.

Shikamoo hapana, mi mkubwa kwako mwanangu! Mjukuu wangu Birmingham kaambiwa shuleni nywele zake zimezidi, afro ya kawaida tu. Wana haki? (Mombasa)

Shikamoo mama! Hawana. Oktoba 2022 tume ya usawa ya Uingereza iliandikia shule mwongozo kwamba kumzuia mtoto kwa nywele zake za asili, afro, mabutu, rasta, kunaweza kuwa ubaguzi wa rangi kisheria. Mzazi aandike barua kwa mwalimu mkuu, aambatanishe huo mwongozo, na aombe jibu kwa maandishi. Mara nyingi inaishia hapo, shule haipendi kesi. Ikigoma apeleke kwa bodi ya shule, na mtoto asinyolewe wakati wanasubiri jibu.