Re: Maji ya maombi yameisha, je ulinzi nao umeisha?

Shalom mkuu. Kwa hiyo shida yako ni kwamba ile chupa ya maji yaliyoombewa imeisha, na toka iishe huna amani, unahisi nyumba imebaki wazi. Kabla hujatafuta chupa nyingine soma kwanza Yohana 5. Yule mgonjwa wa miaka 38 alikuwa anasubiria maji ya birika yatibuliwe, maana waliamini anayeshuka wa kwanza ndo anapona, kila akitaka kushuka mwenzake anamuwahi, Yesu alipofika wala hakumbeba kumtia birikani, alimwambia tu asimame ajitwike godoro lake aende, basi, maji hayakuguswa kabisa. Halafu nenda 2 Wafalme 5, Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, alipoambiwa na nabii Elisha akaoge Yordani aling'aka kwamba mito ya Dameski ni bora kuliko Yordani (mi huwa namuelewa yule jemadari), ila alipotii akajichovya mara 7 ndo akapona. Dawa haikuwa mtoni.

Sisemi maji ni bure. Wakatoliki wakichovya vidole kwenye maji ya baraka pale mlangoni mwa kanisa wanakumbuka ubatizo wao, hiyo iko poa sana, na mimi nikinawa uso asubuhi huwa nasali kifupi kwamba mi ni wa Kristo. Ila hiyo hofu yako ndo ya kuangalia, inaonyesha umeanza kuyategemea maji yenyewe. Na kama aliyekupa anasema lazima urudi kwake kila yakiisha, mi ningekaa mbali naye.

Jaribu kusali wiki hii bila hiyo chupa, nyumba nzima kama mko wengi, afu uje utuambie.