Salma, Loram hakubahatika

Mwanangu Salma,

Marahaba. Swali lako la jana usiku nimeliona, eti yule Mark Loram niliyekuwa nawasimulia mkiwa wadogo umemcheki ukakuta kachukua ubingwa wa dunia wa spidwei, zile mbio za pikipiki za uwanjani, mwaka 2000 bila kushinda hata raundi moja, "sasa baba si alibahatika tu?" Limeniuma kidogo hilo 😀

Mwaka ule nilikuwa Poole, kusini mwa Uingereza, nafanya kazi ya usafi, Jumatano nikiwa ofu naenda uwanjani maana Loram alikuwa timu ya pale. Pikipiki zenyewe cc 500, gia moja, breki hazina kabisa, zinakunywa methanoli, watu wanne, mizunguko minne, dakika moja hivi kwisha. Kwenye kona wanailaza huku wanaburuza mguu wa kushoto, kiatu kile kina soli ya chuma, wakishuka kutembea unasikia kwa! kwa! kama mtu kavaa sufuria.

Sasa kule ukiwahi kutoka pale kamba za kuanzia zinaporuka umemaliza nusu ya kazi, walio nyuma wanakula vumbi lako tu. Loram kuanza kulikuwa kunamshinda, nisikufiche. Anabaki wa tatu, wa nne, halafu ndo burudani inaanza, anaenda nje kabisa kwenye ukuta ambako udongo umerundikana na tairi linashika, wenzake wamebanana ndani, anawapita mmoja mmoja. Mimi nasimama konani na chipsi zangu, akipita zinajaa udongo, nakula hivyohivyo.

Na ubingwa kaupata hivyohivyo. Raundi zilikuwa 6, pointi zinajumlishwa. Ile ya Coventry alishinda Martin Dugard, mtu aliyealikwa siku ile tu! Washindi wanabadilika, Loram yeye anaokota pointi zake kila anapoenda, mpaka wanafika raundi ya mwisho, Bydgoszcz, Poland, kina Billy Hamill na Tony Rickardsson wako nyuma yake. Bahati ya raundi 6 mfululizo mimi siijui. Muingereza wa kabla yake kuchukua ubingwa ni Gary Havelock 1992, na wa baada yake wamemngoja mpaka 2013, Tai Woffinden.

2007 Loram akaanguka akavunjika mguu, hakurudi tena.

Programu ya Jumatano moja ipo kwenye sanduku langu la bluu, ina doa la udongo kwenye kava. Ukiitoa usiifute.

Baba yako