Wosia hauna mashahidi, na ukoo umeshamteua kaka

SWALI: Wakili, habari za kazi. Baba yetu alifariki mwezi wa pili hapa Dodoma. Ameacha nyumba Nkuhungu yenye hati ya zamani ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), shamba la zabibu Mpunguzi, na fedha kidogo benki. Mama yupo, watoto tuko watano. Kwenye sanduku lake tulikuta karatasi iliyochapwa "Wosia". Ina sahihi yake, lakini shahidi hakuna hata mmoja. Siku ya kuanua tanga baba mdogo aliongoza kikao cha ukoo, wakamteua kaka yetu mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Sasa kaka anasema mali iko mikononi mwake, na ameshampata mteja wa shamba. Mimi ni wa pili kuzaliwa, mwanamke. Je, ana haki hiyo? Na mama anapata nini?

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Nianze na huyo mteja, maana ndiye asiyeweza kusubiri.

Kaka yako hana cha kuuza. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Muhtasari wa kikao ni karatasi ya kuambatanisha kwenye maombi, basi. Hata akishateuliwa, msimamizi si mrithi wa kila kitu: anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia wenye haki. Kwa hiyo wiki hii hii andikeni barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa huko Mpunguzi, kwamba shamba ni la marehemu na msimamizi hajateuliwa. Mauzo ya mashamba hupita mikononi mwao. Mteja naye apewe nakala. Nimeona wanunuzi wakilia mahakamani kwa fedha walizompa mtu asiye na mamlaka, na ndugu wakilia pembeni yao.

Ile karatasi msiitupe. Bila mashahidi haisimami kama wosia, maana hata wosia ulioandikwa na mtu anayejua kusoma unahitaji angalau mashahidi wawili. Lakini itawasaidia kujua mali na madeni aliyoyataja baba. Mirathi yenyewe itaendeshwa kama ya mtu aliyefariki bila wosia.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo familia nyingi huliruka: mgawanyo utafuata sheria ipi? Hujaniambia baba alikuwa wa dini gani, wala aliishi vipi. Kama alikuwa Mwislamu aliyeishi kwa dini yake, mama anapata moja ya nane kwa kuwa kuna watoto, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Kama alikuwa Mkristo aliyeishi mbali na mila, hutumika sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado iko hai kwetu: theluthi moja ya mjane, theluthi mbili za watoto, sawa kwa sawa. Ikiwa aliishi kimila, kuna Tangazo la Sheria za Mila namba 436 la 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, Wagogo wakiwemo. Hilo, nalisema bila kuficha, ni chungu kwa wanawake. Kifungua mimba wa kiume ndiye anayepata fungu kubwa, mabinti wako daraja la mwisho, na mjane anaambiwa urithi wake ni kutunzwa na watoto wake. Mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake, haiangalii kabila peke yake. Kwa hiyo kusanyeni ushahidi wa alivyoishi: ndoa ilifungwa wapi, alizikwa kwa taratibu gani. Fanyeni hivyo kabla ya kufungua shauri, kwa sababu jibu lake linagusa hata mahakama ya kwenda. Mahakama ya Mwanzo ndiyo mazoea kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na shauri hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu.

Kuhusu mama, kabla hamjahesabu fungu lolote la urithi, ulizeni kipi ni chake tayari. Kilicho chake si mirathi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inamtambua mwenzi aliyechangia kwa jasho lake kuzalisha na kuendeleza ardhi, hata kama jina ni la mwenzake. Ikiwa mama ndiye aliyepogolea mizabibu na kuimwagilia miaka yote hiyo, alisemee hilo mapema na majirani wa shamba wawe mashahidi.

Ushauri wangu: mama na mtoto mmoja waombe usimamizi kwa pamoja. Mnahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, si kibali cha mazishi. Kaka akitangulia kufungua shauri, pelekeni pingamizi kabla hajateuliwa. Ni rahisi kuliko kuomba uteuzi utenguliwe baadaye. Benki nayo haitatoa fedha kwa muhtasari wa ukoo. Akiteuliwa mtu Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, kisha hesabu kwa fomu namba 6. Kaa na tarehe hizo kwenye simu yako.

Hati ya Nkuhungu iangalieni vizuri. CDA ilikuwa ikitoa hati za miaka 33, na ilipovunjwa mwaka 2017 majukumu yake yalihamia halmashauri na muda ukapandishwa hadi 99. Ulizeni kama hati ya baba ilibadilishwa, na kama kuna pango la ardhi linalodaiwa, maana hilo ni deni la mirathi. Jina la msimamizi huingizwa kwa Msajili wa Hati kwanza, ndipo la mrithi.

Zabibu hazisubiri mahakama. Mavuno yakifika vuneni, ila kila kreti iandikwe kwenye daftari na fedha zikae mahali ambapo mama na angalau watoto wawili wanaziona. Ni mali ya mirathi kama shamba lenyewe.