Ukienda Nyumbani kwa Karen Blixen, Anzia Nyuma

Mara ya kwanza nilipoizuru nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, nilifika saa sita mchana pamoja na kundi kubwa, tukapitishwa vyumbani kwa haraka, nami nikatoka bila kukumbuka chochote isipokuwa fanicha. Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu, ambaye utotoni alichuma kahawa Kiambu, na ushauri nitakaoutoa hapa ni wake zaidi kuliko wangu.

Nenda asubuhi, siku ya kazi ukiweza, na ujitengee angalau saa mbili. Kutoka katikati ya Nairobi, panda matatu ya Karen kisha umalizie safari kwa bodaboda. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni.

Ukishalipa, usikimbilie barazani. Pita kwanza bustanini, uende hadi kwenye mitambo mikuukuu ya kahawa iliyobaki kati ya miti. Hapo ndipo shangazi aliposimama kwa muda mrefu, akajifunika leso vizuri mabegani, akasema kwamba mahali penye baridi namna hii mibuni haiwezi kuzaa sawasawa. Alisema kweli. Shamba lilikuwa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mvua haikutosheleza, na ekari 600 hivi za kahawa hazikuwahi kuleta faida ya kutegemewa. Kiwanda kiliteketea kwa moto mwaka 1923, na kufikia 1931 kampuni ya familia ya Karen Blixen ililazimika kuuza kila kitu. Ukiyajua hayo kabla ya kuingia ndani, utaviona vile vyumba vizuri kama nyumba ya mtu aliyekuwa akipoteza shamba lake mwaka baada ya mwaka.

Nyumba yenyewe ni ya mawe na vigae, ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Uswidi, Åke Sjögren, na Karen Blixen na mumewe Bror wakahamia humo mwaka 1917. Serikali ya Denmark iliinunua baadaye na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ni vifaa vipi vilikuwa vya mwandishi mwenyewe na ni vipi vilitoka kwenye Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 kuhusu maisha yake shambani, kwani vimewekwa pamoja, na mgeni asiyeuliza huondoka akiwa ameshangilia kifaa cha waigizaji.

Swali lililo muhimu zaidi kwangu ni la watu. Familia za Wakikuyu zilizoishi shambani ziliitwa maskwota, ingawa wengi wao walizaliwa hapo hapo na baba zao kabla yao, na ili waruhusiwe kulima vipande vyao walitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka. Shamba lilipouzwa, Karen Blixen aliisumbua serikali ya kikoloni hadi wakapewa mahali pa kukaa pamoja, katika sehemu ya msitu wa Dagoretti. Namheshimu kwa jambo hilo, lakini siwezi kulitaja bila kutaja pia kwamba alikuwa akiwaombea watu ardhi katika nchi yao wenyewe. Mwongozaji mzuri atakueleza pande zote mbili ukimpa nafasi, kwa hiyo muulize mapema, kabla hajaingia katika habari za Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen Blixen, na ndege yake iliyoanguka Voi.

Malizia jikoni, ambako ni nyuma ya nyumba kubwa. Mpishi alikuwa Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyekuja shambani akiwa na vidonda miguuni, akatibiwa katika hospitali ya wamisionari wa Kiskoti, kisha akajifunza mapishi ya Ulaya. Kumbukumbu zake mwenyewe zilichapishwa mwaka 1975. Shangazi alikaa humo jikoni kuliko mahali pengine popote. Alimuuliza mwongozaji maji yalitekwa wapi, kuni zilipasuliwa na nani, na mpishi alilala wapi baada ya wageni kushiba, na mwongozaji akayajibu maswali yote bila haraka, kundi lililokuwa likitufuata likiwa limekwisha kupita na kuondoka.