Mchoro Unaosambaa Chini ya Glezi

Swali

Mhariri, mimi ni mfinyanzi ninayeanza, naishi Kasarani, na huchoma vyombo vyangu kwa nyuzijoto 1,280 za Selsiasi katika tanuri la umeme ninalokodi. Baada ya mchomo wa kwanza nilichora samaki na majani kwa oksaidi ya kobalti, unga unaotoa rangi ya buluu, iliyokorogwa kwa maji matupu, kisha nikapaka glezi, yaani uji unaoyeyuka motoni ukawa utando wa kioo juu ya chombo, kwa brashi. Buluu ilisambaa na kuchafua bakuli zima. Bakuli jingine nililichovya katika glezi, lakini penye mistari minene glezi ilijikunja ikaacha udongo wazi, na rangi ikawa nyeusi. Nyekundu niliyoinunua dukani imetoweka kabisa. Nirekebishe nini?

*Msomaji wa Kasarani, Nairobi*

Jibu

Ndugu msomaji, kobalti iliyokorogwa kwa maji matupu haina kitu cha kuishikilia. Maji yakikauka hubaki vumbi juu ya udongo, na brashi yenye glezi hulizoa vumbi hilo na kulitembeza kila inakopita. Kwa hiyo usipake glezi kwa brashi juu ya mchoro. Chovya chombo katika glezi mara moja bila kusita, au kipulizie glezi hiyo. Wafinyanzi wa Jingdezhen nchini China, ambao vyombo vyao vya buluu na nyeupe vilifika pwani yetu na vigae vyake vikafukuliwa Gedi, walichora juu ya udongo uliokauka ambao haujachomwa, wakachovya au kupulizia glezi kwa mwanzi, ndipo wakachoma mara moja tu kwa moto wa takriban nyuzijoto 1,300. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, vitazame kwa makini uone jinsi buluu ilivyokolea brashi ilipotua na kufifia ilipoinuka.

Ningekushauri nawe uchore kabla ya mchomo wa kwanza, ingawa chombo kibichi ni dhaifu, hunywa rangi papo hapo, na mstari ukishapita haufutiki. Korogea kobalti pamoja na udongo ule ule wa chombo, uliochujwa vizuri, na friti kidogo, yaani kioo kilichosagwa kiyeyukacho kwa moto mdogo. Hapo mchomo wa nyuzijoto 1,000 utaushikisha mchoro, nawe utaweza kukishika chombo bila kuuharibu.

Kwa vyombo ulivyokwisha kuvichoma, tia katika rangi matone ya gundi ya mgunga, ile inayovunwa Turkana, Marsabit na Samburu. Isizidi, kwa sababu gundi nyingi huziba vinyweleo vya udongo na glezi hukataa kushika. Ikiwa imezidi, virudishe vyombo tanurini hadi nyuzijoto 700 hivi, gundi iungue, kisha vichovye. Gundi iliyoyeyushwa huoza upesi, basi tengeneza ya kutosha kazi ya siku chache tu.

Glezi iliyojikunja na rangi iliyokuwa nyeusi vimetokana na unene. Kobalti ina nguvu kubwa mno: asilimia 1 tu ndani ya glezi hutoa buluu iliyokolea, na ikirundikana hugeuka nyeusi. Vumbi lake likiwa nene huitenga glezi na udongo, na glezi inapoanza kuyeyuka hujivuta kando. Rangi yako iwe nyepesi kama chai ya rangi, na ikikauka uweze kuuona udongo kupitia kwake. Uizoee kwanza juu ya vigae vya majaribio, kila kigae kikiwa na unene wake ulioandikwa mgongoni, kwa maana kabla ya kuchomwa rangi hizi hazionyeshi zitakavyokuwa.

Nyekundu uliyoinunua yaelekea ilikuwa ya moto mdogo. Muulize muuzaji kiwango cha juu cha joto inachostahimili kabla ya kununua nyingine. Chuma kwa moto wako kitakupa hudhurungi, nayo ni rangi nzuri ya samaki. Shaba hutoa nyekundu katika tanuri lenye uhaba wa oksijeni pekee, na moto wa namna hiyo huharibu nyaya za tanuri la umeme, ambamo shaba kwa kawaida hutoa kijani. Zipo nyekundu za kadmiamu zilizofungiwa ndani ya zirkoni, madini yanayohimili joto kali, nazo hustahimili moto mkali, lakini ni ghali.

Tafadhali vaa barakoa unapopima unga huu, futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na usitumie vijiko vya jikoni.