Maswali na Majibu: Soka la Marekani na Wanaolipenda

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu mashabiki wa soka nchini Marekani, nchi ambayo wengi wetu tulizoea kuiona kuwa haina habari na mchezo huu. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Wamarekani wana besiboli, mpira wa kikapu na ule mpira wao wa kubebwa mikononi. Soka linawapa nini ambacho hawana? (Msomaji, Morogoro)

Linawapa, kwanza kabisa, mchezo usiokatizwa. Mechi ya mpira wa Kimarekani ina dakika 60 kwa saa ya uwanjani, lakini mtazamaji huketi zaidi ya saa tatu, na waliojipa kazi ya kupima walikuta kwamba mpira wenyewe huchezwa kwa takriban dakika 11 tu. Muda uliobaki ni wa wachezaji kujipanga, makocha kushauriana na televisheni kurusha matangazo ya biashara. Soka likishaanza, mwenye matangazo hana budi kusubiri mapumziko. Ndiyo maana Mmarekani aliyelizoea husema kwamba anachoka zaidi kwa kulitazama, kwa sababu hapewi nafasi ya kuondoa macho uwanjani.

Jambo la pili ni jukwaa. Katika viwanja vingi vya kikapu au besiboli, muziki na ubao wa matokeo ndivyo vinavyowaambia watu wapige kelele wakati gani, lakini katika soka nyimbo hutoka kwa mashabiki wenyewe. Nenda Portland, jimbo la Oregon, mji uliokua kwa biashara ya mbao: kundi la mashabiki liitwalo Timbers Army husimama nyuma ya goli la kaskazini na kuimba tangu mwanzo hadi mwisho, na timu yao ikifunga, bwana mmoja anayejulikana kama Timber Joey huwasha msumeno wa mashine na kukata kipande cha gogo, ambacho mfungaji hukabidhiwa baada ya mechi. Jirani zao wa Seattle wamekwenda mbali zaidi, kwani wanachama wa Sounders hupiga kura kila baada ya miaka minne kuamua iwapo meneja mkuu wa klabu abaki au aondoke. Sijui ni klabu ngapi za kwetu ambazo viongozi wake wangekubali mtihani huo.

Wapo pia wasiokwenda uwanjani kabisa. Tangu mwaka 2013, mtandao wa televisheni wa NBC umekuwa ukionyesha Ligi Kuu ya Uingereza, na kwa kuwa mechi ya saa sita na nusu mchana ya kule huanza saa moja na nusu asubuhi kwa New York, baa hufunguliwa mapema na watu hushangilia wakiwa na vikombe vya kahawa. Kwa wakazi wa Los Angeles mechi hiyohiyo huanza saa kumi na nusu alfajiri. Anayeamka saa hiyo kuangalia timu ya nchi nyingine hahitaji kuulizwa kama anaupenda mchezo.

Inasemekana Wamarekani hawavumilii sare. Je, ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Waliokuwa na hofu hiyo zaidi ni viongozi wa ligi. Ligi yao kuu, MLS, ilipoanza mwaka 1996, mechi zilizoisha kwa sare ziliamuliwa kwa namna ya ajabu: mchezaji alianza na mpira umbali wa mita 32 hivi kutoka golini, akapewa sekunde tano kumkabili kipa. Saa ya uwanjani nayo ilihesabiwa kurudi nyuma hadi sifuri. Mashabiki waliolijua soka, wakiwemo wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na Ulaya, waliona kwamba wanapewa mchezo uliochakachuliwa, na baada ya msimu wa 1999 mambo hayo yote yakafutwa.

Tena mwaka huohuo wa 1999 ulikuwa na jibu lake. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Marekani dhidi ya China, ilichezwa Pasadena mbele ya watazamaji 90,185 na kumalizika 0-0 hata baada ya muda wa nyongeza, kisha Brandi Chastain akafunga penalti ya mwisho. Ni mojawapo ya mechi zinazokumbukwa zaidi katika historia ya nchi hiyo, nayo haikuwa na bao hata moja. Bao linapokuwa adimu, kila kona na kila kosa la beki huwa na uzito, na mtu aliyezoea kuona vikapu zaidi ya themanini katika mechi moja huchukua muda kulielewa hilo. Akishalielewa, harudi nyuma. Nguvu ya wanawake wao, waliotwaa kombe hilo mara nne, ilichangiwa sana na sheria ya mwaka 1972 iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua wanafunzi kwa jinsia, hivyo wasichana wakapata viwanja na makocha.

Ligi isiyo na kushuka daraja ina utamu gani? (Msomaji, Tanga)

Hapo nakubaliana nawe: ni upungufu. Timu ya mkiani hucheza miezi ya mwisho bila hofu yoyote, na zaidi ya nusu ya timu huingia katika hatua ya mtoano. Hofu ya mashabiki wa Marekani ni ya aina nyingine, kwamba mwenye timu anaweza kuihamishia mji mwingine. Oktoba 2017 mmiliki wa Columbus Crew, iliyoko Ohio, alitangaza kwamba huenda akaipeleka Austin, Texas. Mashabiki waliandamana, wakachangishana, wakatafuta wanunuzi, huku serikali ya jimbo ikienda mahakamani, hadi klabu ikapata wamiliki wapya na kubaki. Mwaka 2020 Crew walitwaa ubingwa wakiwa nyumbani, wakarudia 2023. Shabiki aliyeiokoa timu yake kwa jasho lake hushangilia kwa namna ambayo kushuka daraja hakuwezi kumfundisha.

Kwa nini wanaliita soka badala ya futiboli? (Msomaji, Zanzibar)

Neno hilo walilitunga Waingereza wenyewe, kwa kufupisha neno lao «association», yaani chama. Nasi tumelichukua vilevile.

Je, kuna mtu wetu wa kumshangilia huko? (Msomaji, Kigoma)

Yupo, tena wa jirani nawe. Bernard Kamungo alizaliwa Kasulu katika familia ya wakimbizi kutoka Kongo, akahamia Abilene, Texas, mwaka 2016, akapita kwenye majaribio ya wazi ya timu ya akiba ya FC Dallas kabla ya kupanda timu kubwa. Agosti 2023 Dallas walitoka sare ya 4-4 na Inter Miami ya Messi kabla ya kutolewa kwa penalti, na bao moja kati ya hayo manne lilikuwa lake. Januari 2024 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia.