Kimeng'enya kisipokuwa na kazi kinakwenda wapi?

Wanafunzi wengi wa tiba na maabara ninaowasaidia masomo hapa Moshi wanakijua kimeng'enya (enzaimu) kwa sura moja: kinapokea kitu, kinakigeuza, basi. Wakifika kwenye udhibiti wa jeni, yaani jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, wanaanza daftari jipya. Ushauri wangu: kila ukisoma kimeng'enya cha bakteria, uliza kinakuwa wapi pale chakula chake kinapokosekana.

Anza na PutA, kimeng'enya cha bakteria E. coli. Kazi yake ni kuvunja prolini, mojawapo ya asidi amino, na huifanya ikiwa imeshikamana na utando wa seli. Prolini ikikosekana, PutA hiyo hiyo inang'ang'ania DNA, kati ya jeni yake yenyewe na jeni ya PutP, protini inayoingiza prolini ndani ya seli. Jeni zote mbili zinanyamazishwa. Prolini ikirudi, elektroni zake zinapokelewa na FAD, molekuli ndogo ya kubeba elektroni iliyomo ndani ya PutA, umbo linabadilika, nayo inaiachia DNA na kurudi kwenye utando. Mpishi ndiye huyo huyo mwenye funguo za stoo. Hapa huwa sina haraka. Namtaka mwanafunzi auchore mzunguko mzima kwa mkono wake, prolini ikiwepo na isipokuwepo, bila kuangalia kitabu.

BirA, kimeng'enya kingine cha E. coli, nayo hupachika bayotini (vitamini) kwenye protini inayohitajika kutengeneza mafuta. Protini hiyo ikishatosheka, BirA huungana mbili mbili na kuzima jeni za kutengeneza bayotini. Akonitesi, kimeng'enya kinachobadilisha sitrati, katika bakteria Bacillus subtilis hushika RNA, yaani nakala za jeni, chuma kikipungua. Hata sisi binadamu tunayo akonitesi yenye tabia hiyo, kwa hiyo anayesomea tiba asiseme haya ni ya bakteria tu.

Kwa mliokwisha kuingia maabara, hili msilipuuze. Ukifuta jeni ya PutA, umefuta kazi mbili kwa mpigo: bakteria hawezi tena kuvunja prolini, na wakati huo huo PutP inatengenezwa bila kizuizi. Mabadiliko utakayoyaona yanatokana na lipi? Huwezi kujua kwa bakteria huyo peke yake. Tengeneza mwingine ambaye asidi amino moja tu imebadilishwa, ili PutA ishindwe kuvunja prolini lakini iendelee kushika DNA. Kisha wapande wote siku moja, kwenye chakula kile kile: mzima, aliyefutwa jeni, na huyo wa tatu.